Mdogo na Maswali Arobaini na Mawili

Shangazi zangu wawili wanaishi nyumba moja na wanashona sare za shule. Mkubwa anakata na kushona, mdogo anaweka vifungo. Yule mkubwa watu wanamwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha darasa la Meza ya Bwana kanisani kwetu kwa miaka thelathini na mmoja. Akigeuza mgongo wanamwita Arobaini na Mbili. Mdogo anaitwa Mdogo tu, na mvi zake zote zile, na sijawahi kusikia mtu akimwita vinginevyo.

Jina la Arobaini na Mbili hakulipata bure. Kanisani kwetu hakuna anayekula mkate wala kunywa kikombe kabla hajasimama mbele ya wazee na kujibu maswali arobaini na mawili. Maswali yenyewe yalikuwepo tangu zamani, lakini zamani hizo mtu akikwama mchungaji alimsogezea neno, akamsaidia kumalizia sentensi, mambo yakaisha kwa kucheka. Shangazi alipokabidhiwa darasa, hayo ya kusogezeana maneno yakakoma. Aliandika kanuni kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa zilizonyooka, akaibandika ukutani: asiyejibu yote, asile. Wazee wakaipitisha bila mjadala. Nadhani walimwogopa.

Mimi nilijibu yote nikiwa na miaka kumi na mitatu. Niliyamwaga mbio mbio kama mtu anayewahi mvua, na muda wote huo nilikuwa nafikiria viatu vyangu, maana vilikuwa vipya na vilinibana vidole. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shangazi akanikumbatia, naye si mtu wa kukumbatia watu ovyo. Mdogo, aliyekuwa benchi la nyuma, alipiga makofi peke yake mpaka akaombwa anyamaze.

Yeye alikuwa hajapita. Hajapita mpaka leo, na kila nikianza kukisimulia kisa hiki hasira hunipanda kabla sijafika mbali, kwa hiyo mtanivumilia.

Mdogo aliugua degedege akiwa na miaka minne. Alipona, lakini akili ilibaki pale ilipokuwa, mwili ukaendelea na safari. Bibi yangu alipokuwa anakata roho alimshika shangazi mkono, akamwambia asimwache mwenzake. Shangazi hakumwacha. Wachumba walikuja, na wa mwisho, mwanamume mzuri tu mwenye kazi yake, aliuliza kwa upole Mdogo atakaa kwa nani baada ya harusi. Alionyeshwa mlango, na chai yake hakuimaliza. Kwa hiyo asije mtu akaniambia shangazi hakumpenda mdogo wake. Alimpenda kufa na kupona, na hapo ndipo pagumu.

Wanafanya kazi katika chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Kuna meza ndefu ya kukatia, cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, na mashati yamepangwa kwa marundo kufuata ukubwa wa kola. Mdogo anakaa kwenye kigoda karibu na dirisha, kopo la vifungo likiwa kati ya miguu yake. Kifungo kina matundu manne. Anapitisha uzi mara mbili kila upande, anauzungusha chini ya kifungo mara tatu ili kipate shingo, anafunga fundo, kisha anaukata kwa meno ingawa mkasi uko palepale. Shangazi amemgombeza juu ya meno hayo kwa miaka arobaini. Vifungo vya Mdogo havitoki. Shati linachakaa, linageuka tambara la kufutia meza, na vifungo bado vipo.

Akishona, midomo yake inacheza. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza shangazi anasema nini.

"Anahesabu vifungo," shangazi alisema bila kuinua macho. "Mwache, usimchanganye."

Cherehani ile ina kelele. Huwezi kumsikia mtu anayenong'ona hata ukimsogelea.

Darasani Mdogo alihudhuria kuliko mwanafunzi yeyote. Kila Jumamosi mchana alikuwa nyuma, mikono mapajani. Jambo la ajabu ni kwamba maswali aliyajua yote, kwa mpangilio, neno kwa neno, kwa kuwa aliyasikia kinywani mwa dada yake miaka nenda miaka rudi. Shangazi akiruka swali kwa bahati mbaya, sauti ilitoka nyuma, "Dada, umelisahau la kumi na nne." Majibu ndiyo hakuyashika. Majibu yalitoka kwenye vinywa vya watu mbalimbali, wengine wakigugumia, na yeye alikuwa anamsikiliza dada yake tu.

Mara tatu alisimamishwa mbele ya wazee. Mara ya kwanza nilikuwepo. Shangazi alivaa gauni lake la kijivu na akauliza kwa sauti ileile anayowauliza wote, bila kulegeza hata kidogo, asije akaambiwa ana upendeleo.

"Mungu yuko wapi?"

"Alikuwepo pale nyumbani asubuhi," Mdogo alijibu. "Tulikuwa wote kwenye vifungo."

Wazee wakacheka, si kwa ubaya. Shangazi hakucheka. Jibu lililotakiwa ni kwamba Mungu yuko mahali pote.

"Dhambi ni nini?"

Mdogo alifikiri sana. "Ni ile ikishanitokea siwezi kumtazama dada usoni."

Jibu hilo lilitakiwa liwe na sehemu tatu, na shangazi akasubiri hizo sehemu tatu. Mchungaji wa wakati ule alikohoa, akajigeuzageuza kwenye kiti, akasema labda tungeweza kulipokea. Shangazi akamuuliza kwa heshima zote, tukilipokea hilo, tutamrudisha nani mwingine? Na akachukua kalamu, kwenye daftari la darasa, mbele ya jina la mdogo wake, akaandika: bado.

Mara ya pili, bado. Mara ya tatu, bado. Baada ya hapo hakumsimamisha tena, lakini jina hakulifuta.

Nilipofika miaka ishirini na kitu, nikiwa na kichwa moto na vitabu viwili vitatu nilivyosoma, nilikwenda kumkabili. Nilimkuta anapima kitambaa.

"Shangazi, hivi unamzuia Mdogo kwa lipi? Ana moyo safi kuliko sisi wote."

"Moyo anaujua Mungu. Mimi nimepewa maswali."

"Basi maswali ni ya kijinga."

Aliweka chini futi yake ya kamba. Nilidhani atanipiga kofi, lakini macho yake yalikuwa na machozi, na hilo lilinitisha kuliko kofi.

"Mwanangu, wewe hujui onyo lilivyo kali? Anayekula bila kujua anachokula anajilia hukumu. Imeandikwa, sikutunga mimi. Mama aliniachia huyu mikononi. Nimpe kwa mkono wangu kitu kitakachomdhuru mbele za Mungu? Afadhali akae na njaa yake akiwa salama."

Nikasema maneno ya ovyo ambayo sitayarudia hapa, nikabamiza mlango. Tulinuniana miezi mitatu. Mdogo ndiye aliyetupatanisha, kwa kuja kwangu na shati lisilo la mtu yeyote, akisema dada ananiita nikalijaribu.

Lakini mlipaswa kumwona Mdogo Jumapili za Meza. Safu kwa safu watu wanasimama na kwenda mbele. Ikifika safu yao, shangazi anampa Mdogo mkoba na miwani amshikie. Mdogo anavishika kwa mikono miwili. Shangazi akirudi na kukaa, Mdogo anamgeukia na kumtazama mdomo. Anautazama mpaka shangazi ameze, mpaka koo litulie. Kisha anamrudishia miwani yake. Niliiona hiyo tangu utotoni na sikuwahi kuizoea.

Mwaka juzi macho ya shangazi yakaanza kumsaliti. Alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akalifumua, akashona tena vilevile. Daktari akasema ni mtoto wa jicho. Jicho la kulia likafanyiwa upasuaji na kufungwa bandeji. La kushoto lilikuwa limechoka zamani. Akaambiwa akae wiki mbili bila kushona, bila kusoma, bila kuinama. Mimi niliomba ruhusa kazini nikaenda kuwatunza.

Shangazi kukaa bure ni adhabu. Siku ya kwanza aligombana na mto. Siku ya pili aligombana na mimi. Siku ya tatu alikaa kwenye kiti chake chumba cha mbele, mikono mapajani, na cherehani imefunikwa shuka. Mdogo alikuwa dirishani na rundo lake la mashati yaliyobaki. Nilikuwa mlangoni nakata mboga. Chumba kile sikuwahi kukisikia kikiwa kimya namna hiyo, na ndani ya ukimya huo tukamsikia Mdogo.

"Huyu ana shingo nyembamba," alikuwa anasema, akivuta uzi. "Mungu, umwangalie wasimwonee. Mpe rafiki mmoja." Akakata uzi kwa meno. Akachukua shati jingine. "Huyu mnene. Wanamcheka. Wewe usimcheke." Kifungo kingine. "Huyu sijui, kola yake kubwa, labda amerudia darasa. Msaidie hesabu, mimi pia sijui hesabu."

Nilisimamisha kisu. Shangazi alikuwa amegeuza uso upande wa sauti, bandeji nyeupe na yote.

Mdogo aliendelea. Hakuwa na habari na sisi. Kila kifungo na mtoto wake, watoto asiowajua hata mmoja, kwa vipimo vya kola tu. Halafu akafika kwenye shati la mwisho la rundo, akasema, "Na dada. Macho yake. Anajikaza lakini anaogopa, nimemsikia. Na mimi, ule mkate. Majibu bado sijayashika. Nayajaribu kila siku, yanatoka. Usichoke, eh? Nakuja."

Shangazi alilia, na daktari alikuwa amemkataza kulia. Nilimfuta chini ya bandeji kwa ncha ya kanga, nikimwambia nyamaza, jicho, shangazi, jicho. Alinishika kifundo cha mkono akanivuta karibu.

"Miaka yote hiyo," alininong'oneza. "Nilisema anahesabu."

Aliomba kukutana na wazee wiki ileile. Nilimshika mkono kumpeleka. Mwenyekiti wa wazee ni fundi saa, mtu mkavu, mwenye kucha ndefu ya kidole gumba anayofungulia saa. Shangazi hakuzunguka. Alisimama, jicho moja limefungwa, akasema anaomba Mdogo aruhusiwe kwenye Meza bila maswali.

Wazee wakatazamana. Fundi saa akasema, "Mama yangu ulimrudisha mara tatu."

"Namkumbuka."

"Swali la kumi na tisa. Alikuwa na miaka themanini. Kila siku nilikuwa namfundisha dukani, mbele ya wateja, na kila akija kwako linamtoka. Mara ya tatu alirudi nyumbani akaniambia, mwanangu, basi, mimi si wa pale. Alikufa kabla ya Pasaka." Sauti yake ilikuwa haipandi wala haishuki. "Leo umekuja na ndugu yako, kanuni imekuwa laini."

Shangazi hakujitetea. Alisema, "Nilikosa. Nilimkosea mama yako, na sina namna ya kumrudishia. Nikiwa na namna niambie."

Fundi saa aligusa kucha yake, akatazama meza. Nilikuwa na hakika atakataa, na moyoni nilikuwa tayari nimeanza kumchukia.

"Aje," alisema mwishowe. "Si kwa ajili yako. Mama yangu angetaka aje."

Jumapili ya Meza ilikuwa baada ya wiki tatu. Jicho lilifunguliwa, na kitu cha kwanza shangazi alichokishona kilikuwa gauni la Mdogo, rangi ya samawati, lenye vifungo vinane mbele. Mdogo aliviweka mwenyewe. Ile kanuni ya ukutani shangazi aliibandua kwa kisu cha mezani, na rangi ya ukuta ikatoka nayo.

"Kesho utakula," alimwambia Mdogo Jumamosi.

"Mkate?"

"Mkate na kikombe. Pamoja na mimi."

Mdogo akauliza, "Nimejibu lini?"

"Huulizwi kitu. Wazee wamekubali."

Mdogo akasema ndiyo dada, kama anavyosema siku zote, akaendelea na uzi wake. Sisi tukaona mambo yamekwisha. Tulikuwa na furaha, tulipiga pasi lile gauni mara mbili, na hakuna kati yetu aliyemtazama vizuri usoni.

Kesho yake safu zikaanza kusimama. Mimi nilikuwa safu ya mbele yao, kwa hiyo nilitangulia, nikala, nikarudi. Niliporudi nikawakuta wamekaa. Safu yao yote ilikuwa imeshatoka, wamebaki wawili katikati ya benchi tupu. Shangazi alikuwa amemshika mkono, anamvuta taratibu.

"Twende, Mdogo. Ni zamu yetu."

"Nenda wewe, dada. Nipe mkoba."

"Leo hapana mkoba. Leo twende wote."

"Bado," Mdogo alisema. "Sijajibu."

"Wamekuruhusu. Mchungaji amekuruhusu. Mimi mwenyewe nimekuruhusu."

Mdogo alimtazama kwa huruma, kama vile dada yake ndiye mwenye akili iliyobaki nyuma. "Ulisema darasani, asiyejibu akila ataumia. Ulisema. Mimi nilikuwa nakusikiliza."

Kanisa zima lilikuwa linangoja. Wimbo ulikwisha, ukaanzwa upya. Fundi saa, aliyeshika sahani ya mkate pale mbele, alisimama palepale. Shangazi, mwanamke wa miaka sitini na minne mwenye magoti mabovu, alishuka kwenye benchi akapiga magoti sakafuni mbele ya mdogo wake.

"Basi nikuulize sasa hivi," alisema. "Swali moja. Ukijibu hilo, umejibu yote. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Unampenda?"

Mdogo aliinamisha kichwa. Niliona midomo yake ikicheza. Alikuwa anayapitia, la kwanza, la pili, la tatu, mpaka mwisho, na ilimchukua muda. Kisha akatikisa kichwa, na machozi yakamwagika kwenye gauni jipya.

"Hilo halimo, dada."

Shangazi alibaki pale sakafuni. Nilikwenda kumwinua, akanisukuma mkono. Alipoinuka mwenyewe hakwenda mbele. Alikaa karibu na Mdogo, akauchukua ule mkoba akauweka sakafuni, wakakaa hivyo hadi baraka ya mwisho.

Sasa ni mwezi wa kumi na nne tangu Jumapili ile. Darasa amelikabidhi kwa mwingine. Nyumbani anamwambia Mdogo kila siku, kwa njia hii na ile, kwamba alikosea, kwamba dada naye hukosea. Mdogo anamsikiliza, anampa pole, na hamwamini. Mtu aliyekuambia jambo moja miaka thelathini, akageuka ghafla baada ya kuugua jicho, wewe ungemwamini lipi? Mchungaji alijaribu kumletea mkate nyumbani. Mdogo alificha mikono nyuma ya mgongo kwa adabu.

Shangazi hali tena. Jumapili za Meza anakaa na mdogo wake, na wote wawili wanautazama mkate ukipita mbele, na sijui nani kati yao ana njaa zaidi. Nilimwambia hiyo nayo ni kanuni mpya anajitungia. Akasema inawezekana, lakini hawezi kwenda na kumwacha pale peke yake tena, hata kwa Mungu, na kwamba Mungu akiona ni kosa atamsemesha yeye, si mimi.

Mimi siku hizi nakaa benchi lao. Safu yetu ikisimama, nasita. Kila mara nataka nibaki nao, na kila mara Mdogo ananisukuma kwa kiwiko. "Nenda," ananiambia. "Wewe ulijibu." Basi naenda, na aibu yangu, napokea. Nikirudi ananiangalia mdomo mpaka nimeze, halafu ananiinamia sikioni.

"Mkate umebaki?"

"Umebaki," namwambia. "Umebaki mwingi."

Anashusha pumzi, anamgeukia dada yake na kumpigapiga goti, ili na yeye asiwe na wasiwasi.